Nipe Kidokezo, Jibu Kaa Nalo: Mbinu 9 za Kufumbua Mafumbo Magumu kwa Pamoja

Uko Wote, binamu yako yuko Mwingi, na rafiki mliyesoma naye yuko Kibwezi akingoja wateja dukani. Nyote mna fumbo lilelile kwenye simu, na nyote mmekwama. Hongereni! Hapo ndipo utamu unapoanza.

Mafumbo ya mantiki ya mtandaoni, yawe sudoku, ya kuvuka mto au yale ya "nani anauza nini", yametungwa yakutoe jasho. Habari njema ni kwamba kichwa kimoja kikichoka, kingine huwa ndio kwanza kimeamka. Kazi ni kusaidiana bila kuharibiana raha. Anza na mbinu hizi leo jioni, ukishamaliza kuchagua ndengu.

1. Jenga ngazi, usirushe jibu

Unayajua magrupu. Mtu anaandika "nimekwama", na kabla hajapepesa macho mwingine ameshamtumia jibu zima. Asante sana, mwalimu, lakini sasa tufanye nini usiku huu?

Kidokezo kizuri kina vidato vitatu (si vya sekondari, tulia). Cha kwanza kinaonyesha pa kutazama. Cha pili kinampa swali la kujiuliza akifika hapo. Cha tatu kinampa hatua moja, moja tu. Hebu tujaribu na hili.

Akina mama watatu walikutana sokoni Wote. Mmoja katoka Emali, mmoja Kibwezi, mmoja Mwingi. Mmoja kaleta maembe, mmoja asali, mmoja ndengu. Mama wa Mwingi hakuleta asali (najua, mtu wa Mwingi bila asali, lakini fumbo ni fumbo). Mwenye maembe alifika sokoni baada ya mama wa Kibwezi lakini kabla ya mama wa Mwingi. Nani kaleta nini?

Umekwama? Kidato cha kwanza: achana na asali, isome upya taarifa ya mwisho. Cha pili: taarifa hiyo inazungumzia watu wangapi, wawili au watatu? Cha tatu: kama ni watatu, basi mwenye maembe si wa Kibwezi wala si wa Mwingi. Kuanzia hapo ni mteremko, na hakuna aliyekushika mkono hadi sokoni.

2. Uliza anataka kusukumwa kiasi gani

Kabla ya kusaidia, uliza: "Moja, mbili au tatu?" Kuna anayetaka kuguswa bega tu, na kuna ambaye mtoto analia, muthokoi unaungua, na anataka fumbo liishe alale. Huyo wa pili mpe kidato cha tatu bila kumhukumu. Wale mliorukia hapa kutafuta jibu: maembe ni ya Emali, asali ya Kibwezi, ndengu ya Mwingi. Sasa niambieni ukweli, kulisoma kumewapa raha gani?

3. Kubalianeni ramani

"Weka 6 kwenye kile chumba cha juu, karibu na 7." Chumba kipi? Sudoku ina vyumba 81! Wekeni sheria: mlalo kwanza, wima baadaye, mkihesabu kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia. M4W7 ni mlalo wa nne, wima wa saba, na hakuna wa kuuliza tena. Maboksi tisa makubwa yahesabuni kwa mpangilio wa vitufe vya simu: 1 juu kushoto, 5 katikati, 9 chini kulia.

Faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Mjomba mwenye simu ya mulika mwizi hahitaji picha wala intaneti. Mwandikie fumbo zima kwa tarakimu, mlalo baada ya mlalo, ukiweka 0 panapokuwa wazi. Tarakimu ni 81, na SMS moja inabeba herufi 160. Umemtumia fumbo zima na bado una nafasi ya kumsalimu shangazi.

4. Hakuna namba bila "kwa sababu"

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote. Ifanyeni sheria ya grupu: anayetuma namba atume na sababu yake. Asiye na sababu anyamaze, hata kama amepatia.

Chukua mlalo wenye nafasi nne wazi zinazosubiri 1, 3, 5 na 7. Mmeshapunguza, na hali ni hii: chumba A kinakubali 3 au 7 tu. B nacho 3 au 7 tu. C kinakubali 3, 5 au 7. D kinakubali 1, 5 au 7. Wengi hutazama A na B, wakasema "hatujui ipi ni ipi", wakafunga simu wakaenda kulala.

Ngoja kwanza! Huna haja ya kujua ipi ni ipi. Iwe A ndiyo 3 na B ndiyo 7, au kinyume chake, namba hizo mbili zimeshapata wenyewe. C na D hazina ruhusa ya kuzigusa. Kwa hiyo C inabaki na 5. D, baada ya kunyang'anywa 5 na 7, inabaki na 1. Vyumba viwili vimejaa, na hivyo vingine viwili bado hatuvijui!

Sasa fikiria mwenzako angeandika tu "C ni 5, D ni 1." Ungejaza, ungeshukuru, na kesho ungekwama palepale kwenye fumbo jingine. Ukiipata sababu, mbinu hiyo ni yako milele. Na akikosea, kosa linaonekana mapema kabla halijazaa mengine kumi.

Sheria hii iwahusu pia wanaoleta majibu kutoka kwa programu za akili unde. Hizo huweza kujibu kwa ujasiri mkubwa na zikawa zimepotea kabisa. Ziulizeni "kwa sababu gani?" kama mnavyomuuliza binamu.

5. Mwethya wa namba

Watu wa Kitui na Makueni hatufundishwi kufanya kazi pamoja. Matuta yanayozuia udongo kwenye miteremko ya Mbooni, na mabwawa ya mchanga kwenye mito inayokauka, yamejengwa na vikundi vya mwethya, leo kwako, kesho kwangu. Fumbo gumu nalo lipigeni vivyo hivyo. Mmoja asake 1 hadi 3, wa pili 4 hadi 6, wa tatu 7 hadi 9, kila mtu akitafuta chumba ambacho namba yake haina pengine pa kwenda. Mkutane baada ya robo saa na mlichopata.

Jambo moja tu: awepo karani. Nakala rasmi iwe moja na mkono wa kuijaza uwe mmoja. Nakala zikiwa tatu, hazichukui muda kuwa mafumbo matatu tofauti, na hapo ndipo udugu huingia majaribuni.

6. Tamba bila kumwaga mtama

Umemaliza saa kumi na moja alfajiri na unataka dunia ijue. Ni haki yako! Jifunze kutoka kwa Wordle, mchezo wa Josh Wardle uliosambaa mwishoni mwa 2021. Wachezaji wa New Zealand walianza kuonyeshana matokeo kwa vimraba vya rangi bila kutaja neno lenyewe. Wardle akaipenda mbinu hiyo, akaiweka ndani ya mchezo, na mitandao ikajaa vimraba vya kijani na njano. Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua mchezo wenyewe. Watu walitamba kila asubuhi, na jibu likabaki siri.

Kwenye WhatsApp, tuma picha ya jibu kwa ile alama ya 1 inayoifanya itazamwe mara moja tu, ili asiyetaka asiifungue. Telegram inakuwezesha kufunika maneno mpaka mtu ayaguse. Kidokezo kirefu kipeleke kwa sauti: hakuna anayesikia sauti kwa bahati mbaya akipitisha macho, na unaweza kukieleza kwa Kikamba jinsi kilivyokujia kichwani.

7. Mkigonga ukuta, rudini nyuma

Fumbo hili wazee wa Pwani wanalijua. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi wake unabeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi kwisha. Akimwacha mbuzi na majani, majani kwisha. Avuke vipi? Ulaya wana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na toleo lao limeandikwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi tumpeleke mtu wetu kwenye Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, siku umefurika.

Karibu kila mtu hukwama mahali pamoja: mbuzi keshavuka, chui naye keshaletwa, sasa wakiachwa wawili hawa itakuwaje? Kidokezo, kidato cha pili: nani kasema mtumbwi lazima urudi bila mzigo? Acha hapo. Usiongeze neno. Mtu akigundua mwenyewe kwamba mbuzi anaruhusiwa kupanda mtumbwi wa kurudi, utamsikia akicheka mpaka Ikutha.

Sudoku nayo ina kurudi nyuma kwake. Fumbo halali lina jibu moja tu, kwa hiyo mkipata mawili, au mkikuta chumba kisichokubali namba yoyote, msilaumu aliyelitunga. Kagueni kwanza aliyenakili. Hesabuni hata namba mlizopewa: mwaka wa 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba sudoku ya kawaida yenye namba 16 za kuanzia haiwezi kuwa na jibu moja tu. Zinahitajika angalau 17. Zenu ni 15? Mwambieni karani avae miwani.

8. Keti na wanaofikiri kwa sauti, ila bando lipumzike

Kwenye YouTube kuna Waingereza wawili, Simon Anthony na Mark Goodliffe, wenye chaneli ya Cracking the Cryptic. Kazi yao ni kufumbua mafumbo huku wakisema kila wanachowaza, pamoja na kuguna. Mei 2020 Simon alipewa sudoku ya Mitchell Lee yenye namba 2 tu za kuanzia. Mbili! (Ile hesabu ya 17 haikuvunjwa, kwani fumbo hili lilikuwa na sheria za ziada zilizofanya kazi ya namba zilizokosekana.) Mwanzoni alidhani anataniwa. Kisha akaanza kuona njia, na mamilioni ya watu wametazama uso wake ukibadilika.

Pakua video ukiwa kwenye Wi-Fi, chuoni au kazini, uitazame nyumbani. Simon akisema "hapa pana kitu", simamisha video na ukitafute mwenyewe kwanza. Ukishindwa, iendeshe kwa sekunde kumi tu, usimamishe tena. Hapo umepata vidokezo vya bure bila kumsumbua mtu usiku.

9. Aliyeshindwa atoe mji

Nyanya akisema "Kwata ndai!" tukamjibu "Nakwata!", hakuna aliyekuwa na haraka ya kuambiwa jibu. Darasani tukakutana na kitendawili na tega, na ile kanuni tamu kuliko zote: ukishindwa, mtegaji anakwambia "nipe mji". Unampa mji, anausafiri kwa maneno, anasimulia alivyokaribishwa na alivyolishwa, halafu ndipo anafumbua.

Irudisheni kwenye grupu. Anayetaka jibu zima, si kidokezo, alipie mji, na mshindi apewe dakika moja ya ujumbe wa sauti kutuambia alichokula huko. Utashangaa jinsi watu watakavyong'ang'ana na fumbo usiku kucha ili tu wasisikilize hotuba hiyo. Wapo wabahili, bila shaka, ambao kila wakishindwa wanakupa Mtito Andei. Kataa. Hata treni ikifika hapo huwa bado ina safari ya Mombasa.