Jumatano: Mkate Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:4–9. Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kumwuliza lolote?

Malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili. Swali lilingoja mpaka Horebu. Mama wa Ufipa anayeamka kwenye baridi ya Julai, akachota maji, akashinda akipukuchua mahindi, kisha usiku akawafundisha watoto fungu la kukariri huku anasinzia, hujiona amemkosea Mungu. Eliya alipolala hakuhesabiwa kosa. (Akina baba, ndoo ya maji hata ninyi mnaweza kuibeba.)

Katika darasa lenu, ni mama gani anayefundisha watoto nyumbani akiwa amechoka hivi? Juma hili mtampunguzia kazi ipi, ili apate saa moja ya kulala na kuomba?