Meli Mbili na Kitabu Kimoja: Mafunzo Niliyopata Nikisoma Riwaya ya Vita na Vijana wa Mombasa

Riwaya ya Ruta Sepetys iitwayo Salt to the Sea ilitoka mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikapata Nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto na vijana. Ni hadithi ya majira ya baridi ya mwaka 1945. Wakimbizi wanakatiza Prussia Mashariki kwa miguu, theluji magotini, jeshi la Kisovieti likiwa nyuma yao. Wanachokimbilia ni meli, Wilhelm Gustloff, na anayejua historia ya meli hiyo huanza kuwaombea wachelewe.

Niliisoma na kikundi cha vijana wanaokutana Jumamosi jioni. Wengi wako sekondari, wachache wamemaliza na wanangoja chuo, kazi au chochote kitakachotangulia. Kitabu kiko kwa Kiingereza, mjadala ulikuwa kwa Kiswahili, tena kile cha Mombasa kisichomwonea mtu haya.

1. Nakala mbili zinatosha

Tulikuwa na nakala mbili tu, zote za mtumba, moja imeng'oka jalada. Umbo la riwaya yenyewe ndilo lililotufaa. Sura zake ni fupi, nyingi hazizidi kurasa mbili tatu, na kila moja ina jina la anayesimulia: Joana, muuguzi wa Kilithuania, Florian, kijana wa Prussia aliyesomea kukarabati kazi za sanaa na ambaye mkoba wake una siri, Emilia, msichana wa Kipolandi wa miaka 15, na Alfred, kijana wa Kijerumani aliye mwanamaji. Basi tukagawa sauti. Wanne wanasoma, wengine wanasikiliza, na wiki inayofuata zamu zinabadilishwa. Aliyemsoma Joana hamrudii mpaka wenzake wote wamempitia.

Alfred ana tabia ya kumtungia barua kichwani msichana wa jirani yao aitwaye Hannelore, akijisifia ushujaa ambao hakuufanya. Kijana aliyeangukiwa na sauti hiyo ni mchekeshaji wa kuzaliwa. Alimsoma kwa madaha ya mgombea kiti jukwaani, tukacheka hadi wapita njia wakachungulia. Lakini kadiri sura zilivyosonga, barua zile zikaanza kunuka. Alfred anawaorodhesha watu wanaochukiwa na utawala wake, na anafanya hivyo kwa furaha ya mwanafunzi aliyehifadhi somo vizuri. Kicheko kikakatika. Msichana mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunamchekea huyu?"

Nadhani huo ndio mtego aliouweka mwandishi. Ukisoma kimoyomoyo chumbani kwako unaweza kuuruka, maana hakuna shahidi aliyekusikia ukicheka. Mbele ya watu huna pa kujificha.

2. Methali zipewe likizo

Kufikia mkutano wa pili, wale tembo wanaopigana na nyasi zao walikuwa wametajwa na watu watatu. Kila walipotajwa vichwa vilitikiswa, mazungumzo yakafa papo hapo. Shida ya methali ile ni kwamba inawageuza Joana na Alfred kuwa nyasi zilezile, na kitabu kizima kimeandikwa kuonyesha kwamba sivyo. Tukatunga sheria: mwenye methali ataje kwanza ukurasa unaoithibitisha. Methali zikaadimika ghafla.

3. "Nani mbaya?" lisijibiwe siku ya kwanza

Shuleni vijana hawa wamefundishwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwa orodha: sababu, matukio, matokeo. Kisha riwaya inakuja kuwaomba wawalilie wanawake na watoto waliokuwa upande wa Hitler. "Mimi siwezi," alisema kijana mmoja wa Kisauni. "Si ndio hao waliokuwa wakishangilia?" Mwenzake akamuuliza kuhusu yule mtoto mdogo anayeokotwa njiani. Yeye alishangilia lini?

Hapo nikaona faida ya kuwaletea habari za meli yenyewe badala ya kuwahubiria huruma. Gustloff ilizinduliwa mwaka 1937 iwe meli ya kuwapeleka wafanyakazi likizoni chini ya mpango wa Wanazi, ikapewa jina la kiongozi wa chama chao nchini Uswisi aliyeuawa mwaka mmoja kabla. Tarehe 30 Januari 1945 iling'oa nanga Gotenhafen, bandari ambayo leo ni Gdynia ya Polandi, ikiwa imejaa wakimbizi. Lakini ilibeba pia wanajeshi wa nyambizi wapatao 900, wanawake wa huduma saidizi za jeshi la majini, na mizinga ya kudungulia ndege. Usiku ule nyambizi ya Kisovieti S-13, nahodha wake Alexander Marinesko, iliipiga kwa topido tatu. Kwa sheria za vita, meli yenye silaha na askari inaweza kupigwa. Ndivyo ilivyo, na ndani yake walikuwamo watoto kwa maelfu.

Marinesko alikufa mwaka 1963 bila heshima kubwa. Cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti alipewa mwaka 1990 akiwa kaburini. Upande wa Wajerumani nako kulikuwa na kigugumizi. Günter Grass, mzaliwa wa Danzig jirani na bandari ile, aliandika riwaya kuhusu meli hiyo mwaka 2002 tu, akionyesha kwamba huzuni isiposemwa na watu wenye busara, wenye chuki huiokota na kuifanya yao. Miaka minne baadaye akakiri kwamba ujanani alikuwa askari wa Waffen-SS. Nilipowaambia hilo, yule kijana wa Kisauni alipiga meza: "Mwaona!" Wenzake wakamwuliza: sasa ina maana alichokiandika ni uongo? Tukarudi mwanzo.

Katika kikundi yumo mmoja ambaye kaka yake ni mwanajeshi aliyewahi kupelekwa Somalia. Alikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama askari aliye likizoni, amepanda basi na akina mama na watoto, analifanya basi zima kuwa halali kupigwa. Nchini kwetu swali hilo si la kitabuni. Hakuna aliyelikimbilia, nami nililiacha hapo lilipo.

4. Wasichana walijua kabla ya wavulana

Emilia ana mimba anayoificha chini ya koti kubwa, na ana hadithi tamu kuhusu baba wa mtoto, kijana aitwaye August. Wavulana walimngoja August aje kwa kurasa nyingi. Wasichana waliacha kumngoja mapema sana, ila hawakusema. Ukweli wa mimba ile, unaowahusu askari, ulipofichuka, wavulana walishangaa na wasichana hawakushangaa.

Niliwauliza wasichana kama wangependa kulizungumza wenyewe, pembeni. Wakakataa, walitaka wavulana wakae na wasikie. Tukahama barazani, tukaingia ndani. Mvulana mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza kwa nini Emilia hakusema ukweli tangu mwanzo, na akajibiwa: "Angemwambia nani? Wewe?" Nimehudhuria semina kadhaa kuhusu ukatili wa kijinsia, zenye chai na mabango, na sijasikia jambo likisemwa kwa ufupi namna hiyo. Kwa mwongozaji hapo kazi ni ndogo: asiulize "wewe ungejisikiaje?", na asikimbilie kujaza kimya.

5. Mzazi ataliona jina la kitabu kabla yako

Waliompenda Joana walitaka kusoma riwaya ya kwanza ya mwandishi huyu, kuhusu Lina, binamu wa Joana, anayepelekwa Siberia na utawala wa Stalin. Inaitwa Between Shades of Gray, ilitoka mwaka 2011, na mwaka huohuo ikatoka riwaya nyingine yenye jina linalokaribiana nayo na mambo ya chumbani yasiyokaribiana nayo hata kidogo. Mama mmoja alinipigia simu akiwa amepandisha sauti: "Mwalimu, mwanangu mnamsomesha nini huko?" Nikamweleza. Wiki iliyofuata aliniomba aisome yeye kwanza, na ilikaa kwake muda mrefu kuliko kwa yeyote. Filamu ya hadithi hiyo ilipotolewa mwaka 2018 ilipewa jina lingine kabisa, na mimi nawaelewa walioamua hivyo.

6. Kuzama kwa meli hakusomwi Mombasa kama kunavyosomwa kwingine

Sura za mwisho zinakwenda mbio: milipuko, milango inayofungwa na watu wakiwa ndani, mashua za kuokolea zilizoganda kwa barafu zisishuke. Mama mwenye nyumba tunamokutania alikuwa akituletea chai. Alisimama na sinia mlangoni mpaka msomaji akamaliza, kisha akakaa nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpoteza dada yake kwenye Mtongwe.

Wakubwa hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wale walikuwa hawajazaliwa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe, kilichoruhusiwa kubeba watu 300, kilipinduka karibu kabisa na ufuo kikiwa na takriban 400. Walikufa zaidi ya 270, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Mama hakuuliza habari za topido wala za Hitler. Aliuliza, "Waliopanda, walikuwa wameandikwa majina?"

Ni swali la mtu anayezijua bahari zetu. Orodha rasmi ya Gustloff ilikuwa na watu 6,050 hivi. Walioendelea kumiminika baada ya hapo hawakuorodheshwa. Heinz Schön, aliyekuwa msaidizi katika ofisi ya meli akiwa kijana na akanusurika, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwahesabu: kwa hesabu yake walipanda 10,582 na wakafa zaidi ya 9,300. Titanic, ambayo kila mtoto anaijua kwa ajili ya sinema, iliua takriban 1,500. Mama akasema kwamba Mtongwe nayo kila mtu alikuwa na idadi yake, na waliokuwa wakitafuta mtu wao walipanga foleni kuangalia maiti, si karatasi. Akachukua sinia, akaondoka. Jioni hiyo hatukusoma zaidi.

7. Vita vya wengine vinaweza kukupeleka kwenye vita vyenu

Habari za mjadala ule zilimfikia babu wa mmoja wetu, ambaye marehemu baba yake alikuwa kuli wa bandarini Kilindini. Alituma swali kupitia kwa mjukuu: mbona mnawalilia wa Baltiki, na wale walioondokea hapa je?

Tukatafuta. Mapema Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa moja ya meli tano zilizobeba wanajeshi katika msafara mmoja. Ilikuwa na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa nchi hizi waliokuwa wakipelekwa kwenye vita dhidi ya Wajapani. Wengine walikuwa mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido. Ilizama kwa dakika chache, wengi wakiwa ndani. Walikufa 1,297. Walionusurika walikuwa 214.

Kuna sehemu ambayo hata mchekeshaji wetu alishindwa kuisoma kwa sauti. Nyambizi ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Meli za vita za Uingereza zilizokuwa zikilinda msafara, Petard na Paladin, zilikuwa na uchaguzi: kuiacha iende, ikazamishe meli nyingine nne zilizojaa watu, au kuangusha mabomu ya kina katikati ya watu wao wenyewe. Ziliangusha mabomu. Nyambizi ililazimika kuibuka, na siku hiyohiyo Petard ikaizamisha.

Tuliyabishania hayo kwa ukali kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu Marinesko. Sasa hapakuwa na Wanazi wa kukimbilia. Yule wa Kisauni, aliyekuwa hawezi kuwalilia Wajerumani, alisema nahodha aliyeamuru mabomu yale ni muuaji. Yule mwenye kaka mwanajeshi akasema asingefanya hivyo ndipo angekuwa muuaji. Nikawakumbusha sheria ya ukurasa, wakaniambia ukurasa wenyewe haupo, haujaandikwa.

Kweli, riwaya ya vijana yenye Khedive Ismail ndani yake sijaiona dukani wala maktabani. Basi wameamua kuijaribu wenyewe, kwa sauti nne kama alivyofanya Sepetys. Tatu zimeshapata wenyewe: mpiga mizinga kutoka Ukambani, muuguzi wa Kiingereza aliyepandia hapa Mombasa, na baharia wa Petard aliyeshika mkono wa mtambo wa mabomu. Ya nne inagombewa. Mchekeshaji anaitaka iwe ya Mjapani ndani ya nyambizi, kwa hoja kwamba bila Alfred tusingekielewa kitabu cha kwanza. Wasichana wanamtaka mke wa yule Mkamba, aliyeachwa nyumbani na posho ya jeshi ambayo siku moja haikuja. Mimi nilimpigia kura Mjapani, lakini kura yangu ni moja na wasichana ni wengi.