SOMO LA BIASHARA: Kompyuta ya nyumbani ni stoo ya mali, ilindwe kama stoo

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia bei: bei ya mazao, bei ya hisa, bei ya fedha za kigeni. Wiki hii tunaangalia mali ambayo haiuzwi sokoni, lakini ikipotea mwenyewe hupata hasara kubwa kuliko ya bei kushuka. Mali hiyo ni kumbukumbu za biashara zilizomo katika kompyuta ya nyumbani.

Wafanyabiashara wadogo na wawekezaji wengi sasa wameacha daftari. Orodha ya wadaiwa, ankara, stakabadhi zilizopigwa picha, taarifa za benki na barua za dalali wa hisa, zote zimo katika kompyuta moja ambayo watoto huchezea michezo jioni. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nafaka mwenye kompyuta ya Sh 700,000 ambamo ameandika madeni ya Sh 14,000,000 anayowadai wateja wake. Mwizi akiichukua kompyuta hiyo, hasara inayoonekana ni Sh 700,000. Hasara yenyewe hasa ni yale madeni, kwa sababu mdaiwa asiyeonyeshwa maandishi hulipa anachokumbuka yeye.

Iko pia hesabu ya kodi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Asiye na kumbukumbu hana pa kushika anapobishana na makadirio.

Somo hili lina sehemu nne: kuandika hesabu ili kompyuta isikudanganye, kutunza nakala, kulinda milango, na kununua mashine inayofaa.

KUANDIKA HESABU

Programu za majedwali, kama vile Excel, hufanya hesabu bila kuchoka. Lakini kompyuta haielewi shilingi. Inaelewa namba na maneno. Ukiandika 50000 katika kisanduku, hiyo ni namba. Ukiandika 50,000/= kama tulivyozoea kuandika katika risiti, kompyuta huona maneno, na maneno hayajumlishwi.

Angalia mfano huu. Una wadaiwa watatu. Wa kwanza umemwandikia 450000, wa pili 1,200,000/= na wa tatu 380000. Ukiiagiza programu ijumlishe safu hiyo kwa fomula ya SUM, itakupa 830,000. Jumla ya kweli ni 2,030,000. Programu haitapiga kelele wala kuonyesha alama ya kosa. Itamruka tu mdaiwa wa pili. Mwenye haraka ataamini kwamba anadai Sh 830,000 na kupanga ununuzi wa mzigo ujao kwa hesabu hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Andika namba tupu, na neno "Shilingi" liweke mara moja tu, juu ya safu. Aidha, kama hujabadilisha mpangilio wa visanduku, namba hukaa upande wa kulia na maneno hukaa kushoto. Pitisha macho katika safu ya fedha: kiasi chochote kilichoegemea kushoto kikague.

Tarehe nazo zina mtego wake. Maandishi 5/8/2025 kwetu ni tarehe 5 Agosti. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani itasoma 8 Mei, na deni la majuzi litaonekana limechelewa kwa miezi mitatu. Andika kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-08-05. Utaratibu huu haubishaniwi, na pia ukiutumia katika majina ya mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Kwa mwekezaji wa hisa, jedwali dogo lenye safu za tarehe, idadi, bei na gharama za dalali linatosha. Tuseme ulinunua hisa 500 kwa Sh 400, yaani Sh 200,000. Baadaye ukaongeza hisa 300 kwa Sh 480, yaani Sh 144,000. Gharama zote za manunuzi hayo mawili zilikuwa Sh 8,000. Umetumia jumla ya Sh 352,000 kwa hisa 800, hivyo kila hisa imekugharimu Sh 440. Bei sokoni ikiwa Sh 430, anayekumbuka ile Sh 400 ya kwanza atauza akidhani amepata faida. Mwenye jedwali anajua kuwa anauza kwa hasara, na bado hajalipa gharama za mauzo.

KUTUNZA NAKALA

Diski ya kompyuta ni kifaa kinachochakaa. Hufa kwa joto, kwa kuanguka, kwa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, au kwa umri tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni diski itakapokufa utabaki na nini.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu inaitwa 3-2-1. Maana yake ni kuwa na nakala 3 za kumbukumbu zako, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 kati ya hizo iwe mahali pengine. Kwa mtu wa nyumbani, nakala ya kwanza ni ile iliyomo katika kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje au flashi inayofungiwa kabatini. Ya tatu iwe katika hifadhi ya intaneti, au katika diski nyingine iliyopo kwa ndugu unayemwamini. Moto au mwizi akiingia nyumbani anaweza kuchukua mbili za kwanza. Ya tatu itabaki.

Diski ya nje isiachwe imechomekwa siku zote. Sababu yake ilionekana wazi tarehe 12 Mei 2017, programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilipoenea katika nchi zipatazo 150 na kushika kompyuta zaidi ya 200,000. Ilikuwa inafunga mafaili ya mwenye kompyuta na kudai dola 300 za Marekani, zilipwe kwa sarafu ya bitcoin, ndipo yafunguliwe. Aliyechelewa alidaiwa dola 600. Hospitali nyingi nchini Uingereza zililazimika kuahirisha huduma.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba programu hiyo ilipita yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, bila mtu kubofya chochote, kwa kutumia kasoro ambayo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kuitengenezea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka hicho. Kwa hiyo kompyuta inapokuarifu kwamba ina marekebisho ya usalama, usiahirishe wiki nzima. Anayeogopa kumaliza bando anaweza kuiambia Windows, katika mipangilio ya mtandao, kwamba intaneti anayotumia hulipiwa kwa kipimo, kisha akapakua marekebisho anapopata mtandao wa bei nafuu. Lakini aifanye kazi hiyo kweli, si kuisahau.

La pili ni kwamba uhalifu wa aina hii hufunga pia mafaili ya diski yoyote iliyounganishwa na kompyuta saa hiyo. Diski iliyopo kabatini haiwezi kufikiwa. Chomeka, nakili, chomoa.

Hata hivyo, nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si ya kutegemea. Mara moja kila mwezi chagua faili moja kutoka katika nakala yako, lifungue katika kompyuta nyingine na uangalie kama tarakimu zimo.

KULINDA MILANGO

Mlango mkuu wa mali yako ya mtandaoni ni barua pepe. Ukisahau neno la siri la akaunti nyingine, kiungo cha kulibadilisha hutumwa kwenye barua pepe. Anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba viungo hivyo kimoja baada ya kingine hadi akaingia kote. Kwa hiyo neno la siri la barua pepe lisifanane na jingine lolote.

Kuhusu urefu wa neno la siri, mfanyabiashara ataelewa haraka akipigiwa hesabu. Neno la herufi ndogo 8 zilizochaguliwa bila mpangilio lina uwezekano wa aina bilioni 208 hivi. Kompyuta yenye nguvu inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Kila herufi unayoongeza huzidisha hesabu hiyo mara 26, hivyo herufi 12 zina uwezekano mara 456,976 zaidi. Ni kama riba inayozaa riba, ila hapa inafanya kazi kwa faida yako. Njia nyepesi ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, yasiyo jina la mtoto, duka wala timu yako ya mpira.

Kisha washa uthibitisho wa hatua ya pili, ambao humtaka anayeingia atoe pia tarakimu zinazotumwa au kutengenezwa katika simu yako. Tarakimu hizo hazisomewi mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni ofisa wa benki au wa kampuni ya simu. Akaunti nyingi za WhatsApp huibwa kwa njia hii: mtu anaombwa "kwa bahati mbaya" tarakimu 6 zilizofika katika simu yake, anazitoa, na baada ya dakika chache jamaa zake wote wanapokea ujumbe wa kukopwa fedha kwa jina lake. Rafiki akikuomba fedha kwa maandishi, mpigie umsikie sauti, tena kwa namba unayoijua tangu zamani. Kwa walioko Tanzania, ujumbe mfupi wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040.

Jifunze pia kusoma anwani ya tovuti. Watu wengi husoma mwanzo wa anwani, lakini mwenye nyumba hutajwa mwishoni. Tazama mfano huu wa kubuni: benkiyangu.co.tz.mahali-pengine.com/ingia. Anayesoma kwa haraka ataona jina la benki. Utaratibu sahihi ni kutafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, yaani alama hii /, kisha kusoma kurudi kushoto. Hapo utakuta mahali-pengine.com, na huyo ndiye mwenye tovuti. Maneno yote yaliyotangulia ameyaandika yeye mwenyewe kama apendavyo.

Wapo wanaoamini kwamba alama ya kufuli inayotokea karibu na anwani ni cheti cha uaminifu. Si hivyo. Kufuli lina maana kwamba mazungumzo kati ya kompyuta yako na tovuti hiyo hayasomeki njiani. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli. Njia ya salama ni kuiandika anwani ya benki au ya dalali wako kwa mkono mara moja, kuihifadhi, na kuingilia hapo kila mara badala ya kufuata viungo vilivyomo katika ujumbe.

KUNUNUA MASHINE

Wasomaji wengi hununua kompyuta za mtumba, na si vibaya. Lakini bei ndogo inaweza kuwa na gharama iliyojificha. Huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango maalumu wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti: kwa kompyuta zenye kichakato cha Intel, kwa jumla inataka kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji kizazi cha kichakato na uombe uoneshwe katika mashine yenyewe. Ikiwa ni cha 4 au cha 6, hiyo ni ya kuandikia barua na kuangalia filamu, si ya kuingilia benki, labda fundi akuwekee mfumo mwingine unaoendelea kurekebishwa, kama vile Linux.

Unapouza mashine yako ya zamani, kumbuka kwamba kutupa faili katika kapu la taka hakulifuti. Mpe fundi kazi ya kuifuta diski yote mbele ya macho yako, au itoe diski ubaki nayo.

KAZI YA WIKI

Msomaji asijaribu kufanya yote kwa siku moja. Jumamosi hii afanye mambo matatu: anakili orodha ya wadaiwa katika flashi na kuifungia kabatini, abadilishe neno la siri la barua pepe na kuwasha hatua ya pili, na apitie safu ya fedha katika jedwali lake kutafuta tarakimu zilizoegemea kushoto. Kazi hiyo haizidi saa mbili. Huenda katika tarakimu hizo akakutana na mdaiwa aliyekuwa ameshamsahau.