Je, Mungu Husikia Sala Zetu Zote?

Wakatekumeni wengi wa vijiji vya Bunia huuliza: Mama mmoja alisali rozari siku tisa kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, naye mtoto akafa. Je, Mungu hakusikia? Kuuliza hivyo si dhambi.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 29 Novemba walifika katika nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, upande wa Wamba, wakawapakia masista katika lori. Miongoni mwao alikuwamo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Njiani walisali. Bila shaka waliomba kuokoka, kama mtu yeyote angaliomba. Lakini Anuarite alitaka jambo moja kupita uhai, yaani asivunje ahadi aliyomwekea Mungu. Huko Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kanali mmoja wa waasi alitaka kumchukua kwa nguvu. Akakataa. Alipokuwa akipigwa alimsamehe mpigaji, kisha akauawa. Masista waliookoka ndio waliosimulia habari hizi, na tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Basi, sala yake ilijibiwa au haikujibiwa? Uhai hakuupata. Uaminifu aliupata, pamoja na nguvu ya kusamehe, ambayo hakuna mwanadamu awezaye kujipa mwenyewe. Bwana Yesu naye katika bustani ya Getsemani aliomba kikombe cha mateso kimwepuke. Hakikumwepuka, ila malaika alikuja kumtia nguvu.

Hata hivyo mkristu asiogope kuomba chakula, mvua na afya. Yesu mwenyewe alifundisha kubisha bila kuchoka, kama rafiki aombaye mikate usiku wa manane. Tena mgonjwa apelekwe zahanati upesi; sala haikutolewa ili dawa iachwe.

Ziko sala zinazoharibika kinywani. Mchimba dhahabu wa Mongbwalu anayemwahidi Mungu mshumaa akipata dhahabu, huyo anafanya biashara. Na tangu vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999, wako waliopiga magoti jioni wakiomba shamba la jirani likauke, kwa sababu jirani ni wa kabila lingine. Mtu wa namna hiyo akifika katika Baba Yetu penye neno la kusamehe, anajihukumu mwenyewe.

Naye yule mama aliyefiwa asiambiwe kwamba imani yake ilikuwa haba. Hayo ni maneno ya ukatili, na aghalabu husemwa na mtu ambaye hajazika mtoto. Wakatekumeni waende kwake, wamtekee maji, wampasulie kuni, wakae naye matangani. Wakiisha kukaa kimya kwa kitambo, wasali naye Baba Yetu polepole, na akishindwa kuimaliza, wao waimalize kwa niaba yake.