Marehemu wa Ukweni na Mvua ya Vuli
Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, hutukuta Kitui tukiwa na mbegu mkononi. Vuli ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi. Basi mke akitaka kwenda Kilungu, Makueni, kuombea wazazi wake kaburini, mume hujibu, "Wafu watangoja, ndengu hazingoji." Neno hilo huumiza.

Kanisa limetupa nafasi. Rehema kamili kwa marehemu hupatikana kwa kuzuru makaburi tangu tarehe 1 hadi 8, pamoja na kuungama, kukomunika na kuombea nia za Baba Mtakatifu. Pandeni kwanza, kisha mwende wote wawili. Watoto wavae sweta, maana ukungu wa vilima vile hauwajui. Nawe mume, usibaki kwa shemeji ukinywa chai, fika kaburini.