Dondoo muhimu: Leseni ya uhandisi Texas

Sheria ya kusajili wahandisi wa Texas ilizaliwa na msiba. Machi 18, 1937, gesi iliyovuja chini ya shule ya New London ililipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha sheria.

Mhandisi Mtanzania au Mkenya anayehamia Houston asidhani usajili wa nyumbani utavuka bahari pamoja naye. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake. Shahada ya nje hutathminiwa kwanza, na NCEES, baraza linalotunga mitihani, hufanya pia kazi hiyo. Mitihani yenyewe ni miwili: FE wa misingi na PE wa taaluma. Uzoefu nao lazima uthibitishwe na wahandisi wanaomfahamu mwombaji kikazi, hivyo ni busara kuwaomba mapema, kabla hawajastaafu au kubadili namba za simu.

Leseni ikipatikana, huhuishwa kila mwaka. Texas hudai saa 15 za mafunzo endelevu, angalau 1 ikiwa ya maadili. Zinazozidi, hadi 14, huhesabiwa mwaka unaofuata. Vyeti vitunzwe, maana bodi hukagua.

Anayehama makazi au kazi aiarifu bodi ndani ya siku 30. Wengi hulidharau hili, ilhali barua za bodi hufuata anwani iliyo kwenye kumbukumbu zake.

Mwenye leseni iliyokwisha muda hagongi muhuri kwenye michoro. Ikipita miaka 2, haihuishwi tena: mhusika huomba upya.