Usikate Embe kwa Kikatio cha Tufaha

Desemba iliyopita nilipiga hodi kwa binti wa kaka yangu hapa Jeffersontown, Kentucky, nikamkuta anapigana na embe. Alikuwa amelisimamisha kwenye kaunta na kulikandamizia kile kikatio cha tufaha, cha duara, chenye visu vilivyopangwa kama spoku za baiskeli na tundu katikati. Kilikuwa kimezama mpaka kwenye kokwa kikakwama. Hakiendi chini, hakirudi juu. Maji ya embe yalichuruzika ukingoni mwa kaunta yakiingia kwenye droo ya vijiko, naye alikuwa ameshainua ngumi akigongelee. Nilimwambia: shusha mkono huo, mwanangu.

Spoku mbili zilikuwa zimepinda. Embe tulilila kwa kijiko, kama uji wa mgonjwa.

Orodha hii ilianzia pale, na ukali wake ni wa makusudi. Wengi ninaowaandikia wanakula kwa mikono yao: wako kwenye maghala ya Bluegrass Commerce Park hapa hapa Jeffersontown, kwenye viwanda vya nyama Louisville, wanapanga masanduku Columbus, wanatandika vitanda vya hoteli Buffalo. Kwa mtu wa namna hiyo kiganja chenye nyuzi tano ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Hakuna tunda lenye thamani hiyo.

Jua ulichonunua kabla hujakishika. Kikatio cha tufaha kilitengenezwa kwa tunda lenye moyo mwembamba uliosimama wima katikati. Kwa tufaha na pea kinafanya kazi safi, sina ugomvi nacho. Ukirudi na kapu kutoka mashamba ya matufaha ya ng'ambo ya mto Ohio, kule Starlight, Indiana, kitakuokolea nusu saa. Ila punguza kitako cha tufaha kwanza lisimame imara, shika masikio yote mawili ya kikatio, sukuma mara moja kwa uzito wa mabega. Mtoto wa miaka minane namwachia hiki, nikiwa nimesimama pembeni yake, kabla sijamwachia kisu, kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye masikio, mbali na makali.

Usikitie kwenye embe. Usikitie kwenye parachichi lenye kokwa. Usikitie kwenye kiazi kigumu. Usikitie kwenye kitu chochote ambacho ndani yake kuna mfupa.

Kuna kikatio cha embe chenyewe, cha mviringo mrefu, tundu lake limechongwa kwa umbo la kokwa. Nimekitumia. Hukumu yangu ni hii: kinalijua embe moja tu. Maembe mengi ya madukani huku ni Tommy Atkins, embe lililozaliwa Florida na kupendwa na wasafirishaji kwa ganda lake nene na uvumilivu wake wa safari. Utamu haukuwa sifa ya kwanza. Kwa ukubwa wa embe hilo kikatio kinatosha. Chukua Ataulfo, lile dogo la manjano kutoka Mexico ambalo kokwa lake ni jembamba kama ulimi, na utaona kikatio kinaacha nyama nusu kwenye kokwa. Watoto watafurahi. Wewe uliyelipa dola mbili hutafurahi. Na embe bichi la kula na chumvi na pilipili usilipeleke huko kabisa. Hilo linataka kisu na subira.

Tafuta uelekeo wa kokwa. Kokwa la embe ni bapa, na embe lenyewe linakuonyesha: upande mpana ndiko liliko shavu, upande mwembamba ndiko kokwa liliko na ukingo wake. Kata kipande chembamba kwenye kikonyo ulisimamishe. Weka kisu upana wa nusu kidole kutoka katikati, teremsha. Makali yakigusa kokwa usilazimishe. Yapindishe kidogo kwa nje, yafuate mgongo wake mpaka chini. Mashavu mawili yatatoka. Yachore vigae kwa ncha yakiwa kwenye kibao, si kwenye kiganja, kisha yageuze ndani nje.

Wenzetu waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, watacheka wakisoma haya yote. Huko embe halikukatwa. Lilibonyezwabonyezwa kwa vidole mpaka likalegea, likatobolewa ncha kwa meno, likanyonywa mpaka likabaki ganda na kokwa lenye ndevu. Siwalaumu, na Ataulfo lililoiva hukubali hivyo hata leo. Ila osha ganda kwanza, na kama ngozi yako iliwahi kuvimba kwa poison ivy, ule mmea wa majani matatu unaotambaa kwenye miti na nyua za Kentucky, usiweke ganda la embe mdomoni. Mwembe, mkorosho na mmea huo ni wa ukoo mmoja, na utomvu wao unawasha kwa namna moja. Nimeona mtu mzima amevimba midomo kwa wiki nzima akidhani amelogwa.

Sasa parachichi. Hapa sitanii.

Usilishike parachichi kiganjani ukalichoma kisu kwenye kokwa. Nasema tena, maana najua umeona kwenye simu mpishi mwenye aproni nyeupe akifanya hivyo na kisu kikitoka na kokwa kama mchezo. Sikiliza kinachotokea. Ganda linakataa kidogo, nyama laini inakubali ghafla, halafu kokwa gumu na telezi linakitupa kisu pembeni. Pembeni ni wapi? Ni kiganja chako, mahali zilipopita kano zinazokunja vidole na mishipa ya fahamu inayokuambia hiki ni moto, hiki ni baridi. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kati ya mwaka 1998 na 2017 watu zaidi ya 50,000 walifika kwenye vyumba vya dharura nchini humu kwa majeraha ya kisu na parachichi. Mwaka 2012 mwigizaji Meryl Streep alionekana na bendeji mkononi kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji Uingereza walitaka maparachichi yabandikwe onyo. Na mwaka jana mpwa wangu wa Buffalo alinitumia picha ya mkono uliofungwa mpaka kwenye kifundo. Chini yake ameandika neno moja: "Avoka." Alikosa shifti za wiki tatu.

Sababu moja ya kunaswa ni kwamba tunadhani tunalijua. Maparachichi makubwa ya nyumbani, yakiiva, kokwa hucheza ndani, unatikisa unalisikia. Hili dogo la madukani huku, jeusi lenye vipele, ni Hass, aina iliyopewa hataza California mwaka 1935, na kokwa lake mara nyingi limeng'ang'ania. Basi fanya hivi: lilaze kwenye kibao, lizungushie kisu kwa urefu, weka kisu chini, pindua nusu mbili kwa mikono. Ile nusu yenye kokwa igeuze uso chini kibaoni, ikate tena kwa urefu pembeni mwa kokwa. Kokwa litasukumika kwa kidole gumba. Au tumia kijiko. Kijiko hakijawahi kumpeleka mtu theatre, ya hospitali wala ya sinema.

Noa kisu. Kisu butu kinateleza kwenye ganda kwa sababu unakikandamiza, na unachokikandamiza hukiongozi. Nyumbani tulinoa kwenye ngazi ya saruji nje ya jiko. Kwenye apatimenti ya ghorofa ya pili yenye zulia ukuta hadi ukuta ngazi hiyo haipo, basi geuza kikombe kizito cha kaure: ule ukingo wa chini usiong'arishwa ni kinoo tosha kwa kisu kidogo. Pitisha mara kumi kila upande, kwa mlalo ule ule, kisha futa. Kipime kwenye nyanya. Kikiingia kwenye ngozi ya nyanya kwa uzito wake chenyewe, acha.

Usikiache kisu kwenye sinki yenye mapovu. Mwingine atatumbukiza mkono.

Usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Mpini wa mbao unapasuka, makali yanagongana na sahani. Vikatio vya spoku ndivyo vyenye kero zaidi, kwani nyama ya tunda hukauka kwenye viungo. Vioshe papo hapo kwa brashi, kutoka upande wa nyuma, usipitishe kidole na sponji katikati ya visu.

Usimkabidhi mtu kisu mkononi. Kiweke mezani, akichukue mwenyewe. Mama yangu alisema ni kuepusha ugomvi. Mimi nasema ni kuepusha damu, na sote wawili tulifika pale pale.

Osha tunda kabla ya kulikata, hata lile ambalo ganda lake huli. Hapa watu hunibishia, kwa hiyo nitaeleza. Kiangazi cha 2012 matikiti yale ya ganda lenye wavu na nyama ya rangi ya chungwa, kantalupu, yaliyotoka shamba moja la kusini mwa Indiana, yalieneza salmonela. Watu 261 waliugua katika majimbo 24. Watatu walifariki, na wote watatu walikuwa wa Kentucky, jimbo letu hili. Vijidudu hukaa kwenye ganda, na kwenye ule wavu hupata pa kujificha. Kisu ndicho kinachoviingiza ndani: kila ukikata, makali yanapita kwenye ganda chafu na kuburuta uchafu mpaka kwenye nyama. Chukua brashi safi, sugua chini ya maji yanayotiririka, kausha kwa kitambaa safi. Tumia sabuni kunawa mikono yako, tunda usilipake.

Likishakatwa, liingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kwenye nyama choma ya Julai bustanini, joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, ni saa 1 tu. Najua sinia la matunda huwa la mwisho kuguswa, watu wako kwenye mbuzi. Lifunike, liweke kwenye boksi la barafu, usilitembeze juani kuanzia sala mpaka hotuba ya mwisho.

Usiibanie nafasi pawpaw, na usiipeleke kwenye kikatio chochote. Neno lenyewe limewachanganya wengi wetu, hasa waliosoma Kiingereza cha shule Kenya na Tanzania, ambamo pawpaw ni papai. Pawpaw ya hapa si papai. Ni tunda la msituni, la mashariki ya Marekani, linaloota lenyewe kwenye mabonde yenye kivuli ya Kentucky na Ohio, na ukoo wake ni wa mstafeli na mtopetope. Umbo ni kama kiazi cha kijani, nyama ni njano na laini kama krimu, ladha iko kati ya ndizi na embe. Chuo Kikuu cha Kentucky State, kule Frankfort, kimekuwa kikilitafiti tangu miaka ya 1990. Ninyi wa Columbus, jimbo lenu la Ohio lililitangaza kuwa tunda lake la asili mwaka 2009, na wengi wenu mnalikanyaga bila kulijua. Linaiva mwishoni mwa Agosti na Septemba, wakati Jeffersontown tunafanya tamasha letu la Gaslight. Mara ya kwanza nilipolionja nilikaa chini. Ilikuwa Tanga, mdomoni mwangu, katikati ya Kentucky.

Zungushia kisu kidogo kwa upana, fungua nusu mbili, chukua kijiko. Mbegu na ganda tupa; mbegu zina sumu, usizitafune wala usizisage kwenye juisi. Halihimili dukani zaidi ya siku chache, ndiyo maana hulioni. Ukilikuta msituni, uliza kwanza kama kuchuma kunaruhusiwa hapo.

Ukijikata licha ya haya yote, usipake kahawa, usipake sukari, usipake dawa ya meno. Suuza kwa maji safi, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, inua mkono juu ya moyo. Damu isipokoma, nenda hospitali. Kidole kikikataa kukunjika au kikifa ganzi, nenda hata kama damu imekoma, na usisubiri shifti iishe. Kano iliyokatika haijiungi kwa dua peke yake. Usinielewe vibaya, dua omba pia.

Binti wa kaka yangu amekitupa kile kikatio kilichopinda. Nimempa kisu kidogo cha kumenyea, cha mpini mweusi, nilichokuwa nacho tangu nilipofika nchi hii, na nikampa kibao. Wewe nawe ukitaka kuazima kisu kwangu, njoo. Ila kirudishe siku hiyo hiyo, kimeoshwa, kimekaushwa, na ukiweke mezani.